Kipima Mwanga na Jani la Isale

Vilikuwa viwili, vimelazwa juu ya soksi za sufu kwenye kitanda cha mpagazi mmoja pale Soweto, mtaa wa mjini Moshi, na ningeweza kuchukua kile kingine. Nimeishi miji mingi tangu siku ile. Nimepanga vyumba Tanga, Mwanza, Kigoma na Mbeya, na katika kila chumba, nikishatandika kitanda na kutundika nguo zangu chache, nakitoa kipima mwanga changu kwenye begi na kukiweka dirishani. Sikitumii. Nakitazama tu, kisha naulaumu mkono uliokichagua.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, nikapata kazi katika studio ya picha mjini Moshi. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Mitumba ilifika kwa marobota, redio za kaseti zililia kwenye kila kibanda, na watu waliotaka leseni na pasipoti walipanga foleni mbele ya pazia letu la bluu. Miezi ya komunio tulipanda vijijini kuwapiga picha watoto wenye nguo nyeupe, wamesimama wima kama mishumaa waliyoishika.

Fundi wangu, mwenye studio, alikuwa mtu mzima kutoka Upareni, mwembamba, mwenye miwani ambayo mkono wake mmoja ulifungwa uzi. Yeye hakuwa na kipima mwanga. Akifika mahali pa kazi alikunjua kiganja chake mbele ya mwanga, akakitazama kama mtu anayesoma barua, kisha akakigeuza na kutazama mgongo wa mkono. Halafu alitaja namba mbili, akaziweka kwenye kamera, akapiga. Sikumbuki akikosea.

"Kiganja cha kila mtu ni ndugu wa kiganja cha mwenzake," aliniambia. "Ukipimia hapo hupotei. Lakini anayepigwa picha hakupi kiganja, anakupa uso. Ndiyo maana lazima ugeuze mkono."

Nilimheshimu, lakini sikutaka kuwa yeye. Niliamini jicho lake linaujua mwanga wa Moshi peke yake, ule wa asubuhi mlima ukiwa wazi na ule wa mchana mawingu yakishashuka. Mimi nilitaka kuondoka. Tangu utotoni kijijini kwetu Kilema, mlimani, nilikuwa nikilitazama bonde lile la chini lililotanda hadi lisikoonekana, nikaona aibu kwamba watu wanaishi huko na mimi sijawafikia. Nilikuwa nimejinunulia kamera ya Kirusi, nzito kama jiwe la kusagia, kutoka kwa mwalimu aliyestaafu. Haikuwa na kipima mwanga ndani yake. Kwa hiyo nilijiambia kwamba nikipata cha mkononi, nitaweza kupiga picha mahali popote duniani bila kusubiri miaka ishirini ya kusoma kiganja.

Sisi mafundi tulikiita mita. Nilipomweleza fundi kwamba natafuta mita ya bei nafuu, hakucheka. Aliacha kukata picha za pasipoti, akanifundisha kuchagua.

"Ziko za aina mbili," alisema. "Moja haina betri. Ina kioo chenye vitundu vitundu kama sega la nyuki. Mwanga wenyewe ndio chakula chake. Juani inasema kweli. Kivulini inakuwa kipofu, lakini haikudanganyi: sindano inalala tu, inakuambia sioni. Ya pili ina betri. Hiyo inaona hata kanisani, hata chini ya migomba. Ubaya wake ina kumbukumbu."

"Kumbukumbu gani, fundi?"

"Ikishaliona jua hailisahau upesi. Ukiingia nayo kivulini, kwa muda bado inakusomea jua. Ifunike kwa mkono, hesabu mpaka mia mbili, ndipo uiamini. Na kabla ya kuiuliza, kisia wewe kwanza. Mita ni shahidi tu. Usiifanye hakimu."

Nilimwitikia. Nilikuwa mwepesi wa kuitikia.

Mpagazi wa Soweto nilielekezwa kwake na dada aliyeuza chai karibu na studio. Alikuwa mtu wa mlimani, anabeba mizigo ya watalii kupanda na kushuka, na watalii wakishashuka, miguu ikiwauma na roho zikiwa safi, walimwachia vitu. Chumba chake kilijaa tochi, glavu, miwani ya theluji, jiko dogo la gesi lisilo na gesi. Mke wake alikuwa mlangoni anachambua maharage.

"Anataka zile saa zisizosema saa ngapi," mke alimwambia.

"Sio saa, mama. Ni za kupima mwanga." Akanigeukia. "Mzungu aliyenipa hiyo moja alisimama kila hatua, anaitazama, anaandika kwenye daftari. Nikamwambia, bosi, mwanga upo, tupande. Mpaka tunafika kileleni ukungu umeshafunga. Hakupata picha hata moja. Kwa hasira akanipa."

"Na wewe unaiuza ikiwa na laana yake," mke akasema bila kuinua macho.

"Laana iliishia kwa mwenyewe."

Nilivishika vyote viwili. Cha kwanza kilikuwa na kioo cha sega la nyuki, kizito, na kikombe chake kidogo cheupe cha plastiki kilikuwepo, kile kinachofunika kioo ili upime mwanga unaoangukia uso wa mtu badala ya ule unaorudishwa na nguo zake. Cha pili kilikuwa cha betri, chepesi, cha kupendeza, na sindano yake iliruka kwa wepesi kama mjusi. Kikombe chake cheupe kilikuwa kimepotea.

"Hiki bila kikombe?" niliuliza.

"Kikombe utakunywea nini? Kinafanya kazi. Angalia." Akakielekeza chini ya kitanda. Sindano ikapanda kidogo. Cha kwanza kilipoelekezwa huko kililala kimya.

Mimi nikaona nimepata jibu. Cha kwanza alitaka nikilipie kwa redio yangu ya kaseti pamoja na koti langu. Cha pili alikubali redio peke yake. Koti lile lilikuwa zito, la mitumba, nilitoka nalo mbali, na jioni za Kilema ni baridi. Nilijiambia kwamba ninachagua kinachoona gizani. Kweli ni kwamba nilichagua koti.

Tukatoka nje, nikakipima juani kwenye ukuta wa nyumba ya jirani. Kesho yake nilipima tena mbele ya studio, na fundi akakunjua kiganja. Namba zikalingana. Nilijaa kiburi.

"Umechukua ya kumbukumbu," alisema.

"Inaona gizani, fundi."

"Na wewe huoni?"

Wiki ile ile baba alinitumia ujumbe kwa mtu aliyeshuka sokoni: njoo Jumapili na kamera, njoo peke yako.

Hapa ni lazima nieleze habari ya baba na kaka yake, ambaye kwangu ni baba mkubwa. Babu aliwagawia kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kila mmoja akajenga nyumba yake upande wake. Katikati babu alipanda mstari wa masale, ule mmea wenye majani marefu unaoweka mipaka kote kwetu. Mwaka mmoja mvua ikazidi, mfereji ukaacha njia yake na kung'oa sehemu ya mstari. Masale yalipopandwa tena, baba alisema kaka yake ameyasogeza. Baba mkubwa alisema mdogo wake ndiye aliyeyasogeza. Kilichokuwa katikati ni ukanda wenye mibuni sita na mparachichi mmoja. Mtu mwenye miguu mirefu angeuruka.

Kwa ajili ya ukanda ule hawakusemeshana miaka kumi na moja. Kanisani padri aliposema tupeane amani, baba aligeuka kushoto na baba mkubwa aligeuka kulia. Watoto tulisalimiana kwa siri kwenye mfereji. Mibuni ile sita haikuchumwa na yeyote. Kahawa iliiva, ikakauka, ikaanguka.

Kwetu isale lina kazi mbili. Likiwa ardhini ni mpaka. Likikatwa jani na kufungwa fundo, ni msamaha. Aliyekosa hulipeleka kwa aliyemkosea, na anayeletewa isale hawezi kukataa, hata kama alichofanyiwa ni kikubwa namna gani. Nyumbani kwetu anayetoa hushika upande wa shina la jani, na anayepokea hushika penye fundo. Kwa kawaida wazee huwepo. Kunakuwa na mbege, pombe yetu ya ndizi, kunakuwa na maneno, na wazee huondoka wakijua nani alitoa na nani alipokea, kwa sababu kutoa ni kukiri.

Jumapili ile nilishuka kwenye basi barabara kuu, nikapanda kwa miguu. Mlima ulikuwa wazi na jua kali. Nilikuwa na mita shingoni kwa kamba ya kiatu, na nilipima kila kitu. Nilipima theluji, nikapima barabara, nikapima ng'ombe, nikapima mnara wa kanisa la misheni. Wanawake waliotoka misa walinisimamisha kuuliza ni dawa gani ninauza. Nilipiga picha ya mlima, ya maua ya mibuni, ya daraja, ya mzee mmoja na mbuzi wake, kwa raha tu ya kuona namba zikikubali. Nilipofika nyumbani, kwenye filamu yangu zilibaki nafasi tatu.

Nyumba ilikuwa kimya. Mama alikuwa amekwenda msibani kwao, na baba aliichagua Jumapili ile kwa sababu hiyo. Alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani. Nikamwamkia.

"Marahaba. Umekuja peke yako?"

"Peke yangu, baba."

"Vizuri. Mimi na kaka yako mkubwa..." Akasita. Kwa miaka kumi na moja alikuwa hajamtaja kaka yake kwangu, na ulimi ulipotea njia. "Mimi na baba yako mkubwa tumekubaliana. Wazee hatuwataki. Wazee wakija kutakuwa na pipa la mbege na hotuba mpaka jioni, na kesho habari iko sokoni. Tumezeeka, tunaona haya. Wewe utapiga picha. Picha itakuwa ndiyo wazee."

"Itamwonyesha nani?"

"Ninyi. Siku sisi hatupo. Mtaitazama mtajua yaliisha, na mtajua yaliishaje."

Tukashuka kwenye migomba hadi mpakani. Ni mahali penye giza la kijani. Migomba imefunga juu, chini yake mibuni, chini ya mibuni magimbi, na mfereji unapita pembeni ukiongea peke yake. Baba mkubwa alikuwa amekwisha kufika, naye amevaa shati jeupe. Nilisahau wanavyofanana. Kimo kimoja, mabega yale yale.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mrefu bila ruhusa yangu." Akakitazama kidude shingoni mwangu. "Hicho unatupimia homa?"

"Ni cha mwanga, baba mkubwa."

"Mgonjwa ni baba yako. Anza naye."

Baba akasema, "Miaka kumi na moja hujanisemesha, na leo neno la kwanza unaniita mgonjwa."

"Ulitaka neno gani? Nimelitunza hilo tangu mwaka wa kwanza."

Wakacheka, wote wawili kwa wakati mmoja, kicheko kile kile cha puani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kazi.

Nakumbuka vizuri yaliyofuata, yaani nakumbuka upande wangu. Nilipotazama kivuli kile, kabla sijagusa mita, jicho langu liliniambia: nne kwa thelathini. Hizo ni tundu la lenzi lililo wazi na shata, kipazia cha kamera, inayofunguka taratibu, namba za mahali pa giza. Nilizisikia wazi kama mtu aliyenong'ona. Kisha nikainua mita na kusogea karibu na kifua cha baba, nikaielekeza kwenye shati. Sindano ikapanda na kutulia kwenye nane. Nane kwa sitini. Namba za mahali penye mwanga mara nane ya pale.

Mita ilikuwa imetoka juani dakika chache zilizopita. Sikuifunika, sikuhesabu mpaka mia mbili. Haikuwa na kile kikombe cheupe, kwa hiyo ilikuwa inasoma shati, haisomi uso. Yote hayo niliyajua, nilifundishwa. Nilitazama sindano, nikatazama tena. Nilidhani kidude kilichotengenezwa ng'ambo hakiwezi kukosea zaidi ya kijana wa Kilema. Nikasema, "Ngojeni kidogo," nikainama kugeuza gurudumu la lenzi.

"Hili halingoji," alisema mmoja wao.

Sikuona ni yupi. Nilisikia jani likikatika, mlio mkavu wa uzi wa isale ukiachana na shina. Masale yalikuwa yamewazunguka, yeyote angeweza kunyoosha mkono. Nilisikia maneno machache ya Kichagga kwa sauti ya chini sana, na mfereji ukayafunika. Nilikuwa naiangalia ile namba nane ili nisije nikaweka tano na nusu kwa bahati mbaya. Nilipoinua kichwa walikuwa wamekwisha kulishika jani kwa pamoja, mikono minne, na nyuso zao zilikuwa zimelowa.

"Piga," baba alisema.

Nikaweka kamera jichoni. Katika kioo nilitafuta vifungo vya shati la baba, kwa sababu ndivyo vilivyong'aa na ndivyo vilivyonisaidia kupata ukali wa picha. Nikapiga. Nikavuta filamu, nikapiga tena. Nafasi ya tatu nilitaka kuwasogeza nuruni, pale mfereji ulipofungua njia kati ya migomba.

"Inatosha," baba mkubwa alisema. "Sio harusi."

Waliondoka pamoja kwenda kwake kunywa chai. Mimi nilibaki nikiikunja kamba ya mita.

Jumatatu nilisafisha filamu katika chumba cha giza cha studio. Mlima ulitoka vizuri. Mbuzi alitoka vizuri, ndevu zote zinahesabika. Kisha zikaja zile mbili. Kwenye negativu mashati mawili yalionekana kama mawingu mawili meusi, na palipopaswa kuwa na nyuso na mikono palikuwa peupe, plastiki tupu, kama dirisha lililofutwa. Nilichapa kwenye karatasi ngumu, nikachapa kwenye laini, nikaziba kwa mkono, nikaungoja mwanga wa mashine mpaka mashati yakapotea yenyewe. Kilichotoka ni mashati mawili yamesimama kwenye giza bila watu ndani.

Fundi aliinua negativu kwenye taa.

"Ulihesabu?"

Nikaanza kukusanya zile karatasi.

"Ulikisia kwanza?"

"Nilikisia nne kwa thelathini."

"Ukapiga ngapi?"

"Nane kwa sitini."

Akavua miwani yake yenye uzi. Nilitegemea anikaripie, ingekuwa nafuu. "Ulijua," alisema. "Nenda kawapige tena Jumapili."

"Lile halirudiwi, fundi. Ni isale. Likishatolewa limetolewa. Huwezi kumwambia mtu akakiri mara ya pili kwa sababu ya filamu."

"Basi nenda kawaambie. Wenyewe wapo hai, watajua la kufanya. Wataita wazee."

Lilikuwa jambo rahisi. Kupanda mlima, kuketi, kusema picha imeharibika. Ningesema hivyo, wangeita wazee wawili, wangewaambia nani alitoa, na mbege ingenyweka. Nilipanga kwenda Jumapili ile, halafu iliyofuata. Baba alipotuma mtu kuuliza, nilimjibu kwamba zinasafishwa. Alipotuma tena, nikasema karatasi zimeadimika mjini. Kabla hajatuma mara ya tatu nilikuwa Tanga, napiga picha za wafanyakazi wa mkonge, na watu waliniona kijana jasiri aliyekuja kutafuta maisha. Nilikuwa nimekimbia mashati mawili.

Barua za baba zilinifuata. Katika ya kwanza aliuliza habari ya picha. Katika ya pili aliandika kwamba baba mkubwa naye anaiulizia, anataka kuiona kabla macho hayajamwisha. Katika ya tatu alieleza mvua, bei ya kahawa na afya ya ng'ombe, na kuhusu picha hakuandika kitu. Hiyo ya tatu ndiyo sikuweza kuijibu.

Alikufa nikiwa Kigoma, na nilipofika alikuwa amekwisha kuzikwa kwenye migomba yake. Baba mkubwa alimfuata kabla ya mwaka kuisha. Hakuna kati yao aliyemwambia mtu nani alitoa isale. Walikuwa wamekubaliana picha itasema, na watu wa umri wao wakikubaliana jambo hawalichokonoi.

Ilichukua muda kabla ya mpaka kuamka tena. Bei ya kahawa ilianguka, wanunuzi binafsi walikuja na mizani zao, wengi waling'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Kisha barabara ikatengenezwa ikapita karibu, na ukanda ule ambao mtu mwenye miguu mirefu angeuruka ukawa mahali pa kujenga vyumba vya duka. Kaka yangu alisema ni wetu. Watoto wa baba mkubwa walisema ni wao. Wote walijua isale lilitolewa, kila upande uliambiwa hivyo na mzee wake, na kila upande uliamini mzee wa upande mwingine ndiye aliyekiri. Aliyekiri ndiye aliyeyasogeza masale. Ilikuwa hivyo tu. Nikaitwa kutoka Mbeya.

Tulikaa sebuleni kwa mama. Upande wao msemaji alikuwa binti mkubwa wa baba mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, dada ambaye utotoni tulikuwa tukipeana maparachichi juu ya mfereji. Niliitoa negativu kwenye bahasha. Akaipeleka dirishani, akaitazama kwa muda mrefu, akampa kaka yangu.

"Hapa hamna watu," kaka alisema.

"Imeharibika," nikasema. "Iliharibika siku ile ile. Nilijua tangu Jumatatu yake."

Mama alinitazama. Ndiyo kwanza alikuwa anasikia.

"Haidhuru picha," dada alisema. "Wewe ulikuwepo. Umbali gani?"

"Hatua tatu."

"Basi tuambie. Nani alishika penye shina?"

Kaka yangu aliniangalia kwa namna ambayo ningeielewa hata kwenye giza. Ningeweza kusema baba mkubwa alitoa, na kaka angejenga maduka. Ningeweza kusema baba, na dada angeridhika. Neno langu moja lingetosha kumaliza, na hakuna aliyekuwa hai wa kulikanusha.

"Sikuona," nilisema. "Nilikuwa naangalia mita."

"Unaangalia nini?"

"Kidude cha kupima mwanga."

Kaka alicheka kidogo, bila furaha. "Mtu anatoka Mbeya, siku mbili njiani, anakuja kutuambia alikuwa anaangalia kidude."

"Anamficha mtu," alisema mmoja wa wadogo zake dada. "Hapo anamficha baba yake."

"Au amekula chakula cha kwenu," kaka akamjibu.

Nilipoondoka hakuna upande ulioniamini. Katika mambo ambayo nimewahi kusema ndani ya nyumba ile, lile ndilo lililokuwa kweli tupu.

Jioni, kabla jua halijazama, nilishuka mpakani peke yangu. Nilikuwa nimenunua betri mjini. Nikaifunika mita kwa mkono, nikahesabu mpaka mia mbili bila kuruka, nikaielekeza kwenye mgongo wa mkono wangu. Sindano ilikawia, ikatulia mahali pale ambapo jicho langu lilikuwa limepataja miaka yote iliyopita, au karibu sana na hapo. Ile nyingine ya Soweto, yenye sega la nyuki, ingelala tu na kuniambia haioni. Ningelazimika kuinua kichwa.

Nikasikia hatua. Alikuwa dada, ameshika kitambaa chake cha kichwa mkononi.

"Sijaja kugombana," alisema. "Nionyeshe tu walivyosimama."

Nikamwonyesha. Nikamweka mahali pa baba yake, mimi nikasimama mahali pa baba yangu, mgongo kwenye mgomba.

"Mikono?"

Nikanyoosha mikono yangu. Akanyoosha yake. Tulisimama hivyo, mikono minne hewani bila jani, kila mmoja akimngoja mwenzake.

"Jaribu," alisema. "Jaribu kukumbuka. Sitamwambia mtu kama hutaki."

Nilijaribu. Kwa namna gani, sijui kueleza. Nilikiona kifungo cha pili cha shati la baba, kilichoshonwa kwa uzi wa bluu. Niliiona kamba ya kiatu shingoni mwangu. Niliuona mkwaruzo mdogo kwenye kioo cha mita, umepinda kama ukucha, na chini ya mkwaruzo ule sindano, imetulia kabisa kwenye nane.

"Uzi wa kifungo ulikuwa wa bluu," nilimwambia.

Akashusha mikono. Alifunga kitambaa chake kichwani taratibu, akaniuliza kama nitakula kwao au kwa mama, akapanda kwenda nyumbani.

Mwezi uliofuata ndugu wa pande zote mbili waliweka nguzo za zege na waya, katikati ya ukanda, kila upande ukiwa na mibuni mitatu. Mparachichi ulisimama kwenye njia ya waya, wakaukata. Masale yaling'olewa ili waya upite.